Sukari Itokayo Ghalani

Mama mkubwa hakuwa amekula kitu tangu usiku. Nalijua hilo kwa sababu nililala kwake Mtambile, Pemba, chumba cha uani, nikamsikia akiamka kwa sala ya alfajiri, akitawadha, kisha akirudi chumbani bila ya kupitia jikoni. Saa moja na nusu tulikuwa tumeshasimama pale njia panda, gari za Chake na Mkoani zinapokutana na za Kengeja. Alikuwa kajitanda kanga ya pili kwa umande, na kadi yake ya kliniki kaitia kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa mafundo mawili. Tulipofika kliniki, muuguzi alimtoboa kidole, tone likanywewa na kijiti, mashine ikahesabu na kutoa 9.4.

"Bibi, umekula nini?"

"Sijala."

"Hata chai?"

"Sijala, mwanangu. Hata maji sijanywa."

Muuguzi akaandika, akatikisa kichwa kidogo. Mimi nilikiona kile kichwa, na mama mkubwa alikiona. Kwenye gari ya kurudi alinyamaza kimya mpaka tulipokaribia kushuka, ndipo akaniuliza, taratibu kama mtu anayejiuliza mwenyewe: "Mie sijala. Sasa hiyo sukari yatoka wapi?"

Kwa mtu aliyelala na njaa, kipimo cha 7 kwenda juu ndicho madaktari wanachokiita kisukari. 9.4 imepita hapo, kwa hiyo ugonjwa upo, hauna ubishi. Kilichoniuma ni kile kichwa kilichotikiswa. Wanawe mama mkubwa, ambao wanampenda kweli, walikuwa wameshamwekea ulinzi nyumbani. Halua ya Wete iliyoletwa Idi ilifichwa juu ya kabati. Mkebe wa sukari ulihamishiwa chumbani kwa mkwe. Kila kipimo cha asubuhi kikipanda, macho ya nyumba nzima yanamgeukia yeye, mwanamke wa miaka sitini na kitu, kana kwamba ni mtoto aliyekutwa na makombo mdomoni. Nao walikuwa wakimdhulumu, kwa sababu sukari ya mtu aliyelala na njaa haitoki mezani. Hutoka ndani yake mwenyewe, kwenye ini.

Kwa Mpemba kulieleza ini si kazi kubwa. Karafuu huchumwa kwa msimu, huanikwa majamvini, hutiwa magunia na kuwekwa mpaka siku ya kuuzwa, kwa kuwa msimu hauji kila mwezi na nyumba yala kila siku. Mwili nao una msimu wake, nao ni mlo. Ukila wali au muhogo au mkate, sukari iliyomo huvunjwa utumboni na kuingia kwenye mshipa mmoja mkubwa unaokwenda moja kwa moja kwenye ini kabla ya kufika pengine popote. Ini huikamata sehemu yake, huifungasha kuwa glaikojeni na kuiweka. Ghala likijaa hubeba kiasi cha gramu 100. Usiku, watu wanapolala, ini hulifungua ghala hilo na kuitoa sukari polepole, maana ubongo peke yake hula karibu gramu 120 kwa siku na haulali hata saa moja. Akiba ikipungua, ini hutengeneza sukari mpya kutokana na vipande vya protini na mabaki mengine ya mwilini. Ni kazi ya rehema. Bila ya hiyo hakuna mwanadamu ambaye angeamka.

Lakini ghala lazima liwe na amri ya kufungwa na kufunguliwa, na amri hiyo ni insulini. Vijitabu vingi vya kisukari husema insulini ni ufunguo wa mlango wa seli. Mfano huo wafaa kwa msuli. Kwa ini unapotosha, kwa sababu mlango wa ini uko wazi siku zote. Sukari huingia na kutoka bila ya ufunguo wowote. Mimi napendelea kusema kwamba kwa ini insulini ni barua. Kongosho huiandika mtu anapokula, na mshipa ule ule uliobeba sukari huipeleka, kiasi kwamba ini huipata kabla ya viungo vyote na hubaki na karibu nusu yake. Barua ina maneno mawili: watu wamekula, funga ghala. Inapogonga mlangoni kuna tarishi wa ndani anayeipokea na kuikimbiza hadi kwa wenye kazi. Tarishi huyu ni protini, na wataalamu wamempa jina la herufi na tarakimu ambalo halina haja ya kutusumbua. Mkumbuke tu, kwa sababu yeye ndiye atakayeuawa katika kisa hiki.

Sasa barua ifike, na asiwepo wa kuisoma. Ini halijui kwamba watu wameshakula. Linaendelea kutoa magunia nje. Huo ndio ukinzani wa insulini: insulini ipo, pengine nyingi kuliko ya mtu mwenye afya, ila haisikilizwi. Kongosho likiona sukari haishuki huandika barua ya pili, ya tatu, ya kumi. Kwa miaka mwili hujimudu kwa wingi wa barua, vipimo vikabaki vizuri, na mwenyewe asihisi lolote. Kisha kongosho huchoka. Siku linapochoka ndipo mtu huambiwa ana sukari, naye hudhani ugonjwa umeanza jana.

Mengi yanayoleta ukinzani yanajulikana: mafuta ya tumboni, kukaa kitako kutwa, umri, damu ya ukoo. Hapa nataka kukizungumza chanzo ambacho ni nadra kuulizwa kwenye foleni ya sukari, nacho ni kirusi kilichohamia ndani ya ghala lenyewe.

Mwaka 1994 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walichunguza wagonjwa ambao maini yao yalikuwa yamekakamaa kwa makovu, hali iitwayo sirosisi. Wote ini lilikuwa bovu, ila baadhi waliharibiwa na kirusi cha homa ya ini aina ya C na wengine na mambo mengine. Katika lile fungu la C, nusu walikuwa na kisukari. Katika fungu la pili hawakufika hata mmoja katika kila kumi. Kirusi chenyewe kilikuwa kimetambuliwa miaka mitano tu nyuma, mwaka 1989, kazi ambayo Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walikuja kupewa tuzo ya Nobel mwaka 2020. Halafu mwaka 2000 watafiti wa Johns Hopkins, Marekani, wakachambua vipimo vya watu karibu 10,000 wa kawaida, waliochaguliwa mitaani na si hospitalini. Waliofikisha miaka 40 na wakawa na kirusi cha C walikuwa na uwezekano wa kuwa na kisukari cha ukubwani zaidi ya mara tatu kuliko wasio nacho.

Msomaji makini atauliza kipi kilitangulia. Mwenye sukari huchomwa na kutobolewa kila mara; huenda ni yeye aliyekiokota kirusi kwenye sindano, na si kirusi kilichomletea sukari. Swali hilo lilistahili jibu, na jibu lilitoka Tokyo mwaka 2004, kwa panya. Wajapani walizalisha panya waliobeba kipande kimoja tu cha kirusi cha C, ile protini ya kiini chake, ndani ya maini yao. Panya hawa hawakuwa wanene kuliko wenzao. Hata hivyo insulini yao ilikuwa juu, na maini yao yalikaidi amri: barua nyingi, ghala wazi. Walipolishwa chakula cha mafuta mengi wakapata kisukari kamili, na panya wa kawaida waliolishwa chakula kile kile hawakukipata. Watafiti wakaona pia kwamba ini lenye protini ile lilikuwa limejaa kemikali moja ya uvimbe, ile ambayo mwili huimwaga ukipambana na adui. Walipoizuia kwa dawa, ini likaanza kusikia tena.

Kwa hiyo kirusi hufanya mambo mawili kwa pamoja. Protini yake humfanya tarishi avunjwe na kutupwa mapema kabla hajafikisha ujumbe. Na ule moto wa kinga ya mwili unaowaka kwenye ini mwaka baada ya mwaka, bila ya maumivu, humfunga mdomo tarishi aliyesalia. Uchunguzi uliofuata kwa binadamu ukaonesha kwamba ukaidi hauishii kwenye ini. Misuli nayo huathirika, hata kwa mtu asiye na kitambi. Ndiyo maana daktari anapomwona mgonjwa mwembamba, asiye na mzazi mwenye sukari, na sukari yake iko juu, ini lafaa kuwa miongoni mwa maswali yake ya kwanza.

Hapa lazima nipunguze mwendo, kwa sababu homa za ini si moja na sitaki msomaji wa Pemba abebe hofu isiyokuwa yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 duniani waliishi na aina ya B, na milioni 50 na aina ya C. Kwetu Afrika B ndiyo iliyotapakaa: katika maambukizi mapya ya B ya mwaka huo, asilimia 63 yalikuwa katika kanda ya Afrika. Na B haina ushahidi mzito kama wa C katika jambo hili la sukari. Tafiti nyingine zimeona uhusiano, nyingine hazikuuona, na zinapowekwa bega kwa bega, C ndiyo inayozidi. B huingia kwenye sukari kwa mlango wa uani: hukaa kimya miaka thelathini, hulijaza ini makovu, na ini likishakakamaa sukari huvurugika, awe aliyelikakamaza ni B au C au pombe.

Uvurugikaji huo ni wa namna yake, na nataka usomwe vizuri na kila mwenye mgonjwa wa ini nyumbani, hasa Shaabani inapokaribia kwisha. Ghala lenye makovu haliwezi kupokea, kwa hiyo baada ya kula sukari hupanda sana. Lakini pia halina akiba, kwa hiyo usiku mwili hufilisika mapema. Mtu mwenye sirosisi akilala usiku mmoja bila ya kula, mwili wake huanza kujitafuna nyama zake kama wa mtu mzima wa afya aliyekaa na njaa siku tatu. Ndiyo maana siku hizi wagonjwa hao huambiwa wale kitu kabla ya kulala, na ndiyo maana mapaja na mabega yao hukonda huku tumbo likijaa maji. Mgonjwa wa namna hii kufunga kutwa nzima ni hatari, na dini imeshampa ruhusa yake. Nimewaona wazee wakiona haya kuitumia ruhusa ile. Wasione. Aliyeitoa anawajua kuliko jirani anayechungulia jikoni.

Kipimo cha sukari cha miezi mitatu, ambacho wengi sasa hukitegemea, nacho hudanganya hapa. Hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na mwenye sirosisi chembe zake hufa kabla ya wakati, hivyo jibu hutoka zuri kuliko hali ilivyo. Mwenye upungufu wa damu au damu ya selimundu naye kipimo hicho chaweza kumpotosha. Kwa watu hao kidole na mashine, kabla ya kula na baada ya kula, vyasema kweli zaidi.

Kuna kikwazo kingine, nacho ni majina. Kwa lugha ya mtaani ugonjwa wa ini ni manjano: macho yakibadilika rangi, mkojo ukawa kama chai ya rangi, ndipo watu husema fulani kashikwa. Asiyegeuka rangi basi ini lake zima. Ingekuwa hivyo kazi ingekuwa nyepesi. Wengi wenye B au C hawageuki rangi kamwe mpaka mwisho umekaribia. Mtoto aliyeambukizwa B na mamake siku ya kuzaliwa hana homa wala manjano, hunyonya na kukua kama wenzake, na tisa katika kila kumi wa watoto hao hubaki na kirusi maisha. Mtu mzima akikipata, kwa kawaida hukishinda mwenyewe; hawafiki watano katika mia wanaobaki nacho. C ni kinyume: katika kila watu kumi wanaokipata, kama saba hubaki nacho. Tanzania iliingiza chanjo ya B katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2002. Kwa hesabu hiyo, waliozaliwa kabla ya hapo, ndio kina mama na kina baba wengi wa leo, hawakuipata utotoni. C haina chanjo.

Na vyote viwili ni virusi vya damu. Kirusi cha B huweza kuishi nje ya mwili siku saba, kwenye doa kavu la damu ambalo jicho halilioni. Njia yake ni wembe wa nyumba nzima uliochomekwa kwenye kuti la paa. Ni mashine ya kinyozi isiyopita kwenye dawa. Ni kuumikwa pia, na hapa nasema kwa heshima, kwa kuwa mimi mwenyewe nimeumikwa na nikapata nafuu ya mgongo. Zamani ilikuwa pembe na kijembe, sasa ni vikombe vya plastiki. Hijama ni sunna na sina ugomvi nayo. Ninachomwomba mwumikaji ni wembe mpya unaofunguliwa mbele ya mteja na kikombe kisichokwenda kwa mtu wa pili. Na kuna vijana wetu wa unga. Mwaka 2005 jarida la madaktari la Uingereza liliandika habari za wanawake wa Dar es Salaam waliokuwa wakivuta damu yao baada ya kujidunga na kumpa mwenzao aliyezidiwa na arosto ajidunge damu ile, wakiamini imebeba dawa. Walikuwa wakioneana huruma. C husafiri kwenye huruma ya namna hiyo haraka kuliko kwenye kitu chochote kingine, na vijana hao wanapofika miaka arobaini, wameshaacha, wana kazi na watoto, kirusi bado kimo ghalani.

Hakuna nchi iliyokijua kirusi cha C kwa uchungu kuliko Misri, na sababu yake itamgusa kila aliyesoma skuli Pemba, kwa kuwa ilianza na kichocho. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya Misri iliwatibu wanakijiji wa bonde la Nile kwa dawa ya sindano ya mshipani, iliyodungwa kila wiki, wiki nyingi mfululizo, na sindano zikachemshwa haraka na kutumiwa kwa mwingine. Kichocho kilipungua. Kirusi cha C, ambacho wakati huo hakikuwa hata na jina, kikaenea kwa mamilioni. Watoto wa Pemba walisalimika na balaa hilo kwa kuwa walikuja kutibiwa kwa vidonge, vile vikubwa vichungu vya prazikwanteli, ambavyo mwalimu huvigawa akikupima urefu kwa fimbo kwanza. Nilivichukia sana vidonge vile. Nilipokisoma kisa cha Misri nilivikumbuka kwa shukrani.

Misri haikukaa ikalia. Kuanzia Oktoba 2018 hadi Aprili 2019, kwa miezi saba, ilipima watu karibu milioni 50. Watu wengi wamelisifu jambo hilo kwa ukubwa wake. Mimi nalisifu kwa ile meza. Mwananchi alifika kwenye meza moja, akatobolewa kidole kwa kirusi cha C, na papo hapo akapimwa sukari, shinikizo la damu na uzito. Hakuambiwa aende jengo jingine siku nyingine na kadi nyingine. Waliokutwa na kirusi, zaidi ya milioni mbili, wakaelekezwa kwenye tiba ya bure. Oktoba 2023 Shirika la Afya Duniani likaitambua Misri kuwa nchi ya kwanza kufika daraja la dhahabu katika safari ya kuitokomeza C.

Sisi tumegawanya. Sukari ina siku yake, daftari lake na muuguzi wake. Homa ya ini, kwa Zanzibar, imewekwa pamoja na Ukimwi, kifua kikuu na ukoma katika mpango mmoja, jambo la busara kwa upande wa virusi. Lakini mgonjwa ni mmoja, na ini lake ni moja. Mtu wa Mtambile huzitafuta huduma kusini, Mkoani, kwenye hospitali ya Abdulla Mzee iliyojengwa upya kwa msaada wa China na kufunguliwa 2016, au kaskazini, Chake. Kila safari ni nauli na ni siku ya shamba iliyopotea. Kumwambia arudi wiki ijayo kwa kipimo cha pili ni sawa na kumwambia asirudi. Kipimo cha haraka cha homa ya ini huhitaji tone la damu, na tone lenyewe mwenye sukari ameshalitoa.

Faida ya kuuliza ni kubwa kuliko zamani. Enzi ya sindano za interferoni, mgonjwa wa C aliteseka karibu mwaka mzima, na wenye ukinzani wa insulini ndio waliopona kwa uchache. Sukari ilikilinda kirusi, na kirusi kikaikuza sukari. Tangu mwisho wa 2013, sofosbuviri ilipoidhinishwa Marekani, vidonge vya wiki nane hadi kumi na mbili huwaponya zaidi ya watu 95 katika kila 100, wenye sukari na wasio nayo. Kupona kabisa, kirusi kisionekane tena. Mwaka 2017 watafiti waliowafuatilia askari wa zamani wa Marekani wenye kisukari waliripoti kwamba waliopona C, sukari yao ilishuka kuliko ya wale ambao dawa haikuwafaa, na wakapunguza matumizi ya insulini. Kisukari hakikufutika. Kilipungua uzito. Ndiyo maana anayemeza dawa ya C huku akimeza dawa za kushusha sukari lazima apimwe sukari mara kwa mara: ini likianza kusikia tena, dozi ya jana yaweza kumwangusha leo.

B haina tiba ya kuking'oa, ila ina kidonge kimoja kwa siku, tenofoviri, kile kile wanachokimeza wenye virusi vya Ukimwi, na si kila mwenye B anakihitaji. Metformini, dawa ya kwanza ya sukari na rahisi kupatikana, haipaswi kutupwa kwa sababu tu mtu ana homa ya ini. Wafaransa waliripoti mwaka 2011 kwamba kati ya wagonjwa wa sukari wenye sirosisi ya C, walioimeza walipata saratani ya ini kwa uchache zaidi. Ini likishindwa kabisa ndipo daktari huiondoa. Kuhusu ile imani kwamba kila kichungu huvunja sukari, nitasema hivi: mizizi inayochemshwa hupita kwenye ini kabla ya kufika popote, kwa ule mshipa mmoja mkubwa. Ini lenye kirusi haliwezi kustahimili kila kinachomiminwa. Anayekunywa amwambie daktari anachokunywa, na daktari asimcheke.

Wiki tatu baadaye tulirudi na mama mkubwa, safari hii binti yake wa mwisho akafuatana nasi, mimba yake ya miezi saba imemtuna. Niliomba wampime ini. Ilinibidi niombe mara mbili. Vipimo viwili vyeupe, vidogo kama kiberiti, vikawekwa mezani, tone moja moja, tukaambiwa tungoje dakika ishirini. Mama mkubwa hakuviondolea macho. Kile cha C kilitoa mstari mmoja: hana. Kile cha B kikatoa mmoja, halafu, polepole, wa pili.

Daktari alikuwa kijana, akavuta kiti akakaa mbele yake badala ya kusimama. Akamweleza kwamba sukari yake huenda ni ya umri na ukoo tu, ila ini linataka kuangaliwa, damu nyingine itapelekwa maabara. Akamwambia pia, na nilifurahi kulisikia, kwamba sukari ya asubuhi hutoka ndani, si kosa lake.

Mama mkubwa alilipokea hilo kwa kichwa, akaliweka upande. "Na niliowazaa?" akauliza.

Daktari akatazama nje, kwenye benchi la baraza, ambako yule binti alikuwa akimenya chungwa. Akaeleza kwamba mjamzito hupimwa. Akikutwa nacho, kuna dawa ya kumeza miezi ya mwisho kwa wenye kirusi kingi, na mtoto huchanjwa ndani ya saa ishirini na nne za mwanzo. Katika kanda yetu ya Afrika, mwaka 2022 ni watoto 18 tu katika kila 100 walioipata chanjo hiyo ya siku ya kwanza, kwa hiyo wasingoje kuitwa. Waulize, wapange mapema watakapozalia.

Mama mkubwa akafungua yale mafundo mawili ya mfuko, akatoa kadi yake, akanitaka kalamu. Mimi niliandika kwa nyuma ya kadi na yeye akanitajia majina ya wanawe wote saba, akianzia na wa mwisho.